Filamu Iliyosahau Kovu Lake

Mwezi Juni 2016 studio ya 20th Century Fox ilitoa Independence Day: Resurgence, mwendelezo wa Independence Day ya mwaka 1996. Mwongozaji alikuwa yuleyule, Roland Emmerich, Mjerumani aliyejipatia jina Hollywood kwa kubomoa miji mizima mbele ya kamera. Filamu ya kwanza ilitumia takriban dola milioni 75 na kuingiza zaidi ya milioni 800 duniani. Ya pili ilitumia takriban milioni 165, zaidi ya maradufu, ikaingiza chini ya milioni 390. Ndani ya Marekani kwenyewe pengo ni kubwa zaidi: ya kwanza ilivuka milioni 300, ya pili ikakwama kwenye milioni 103 hivi. Na tukikumbuka kwamba tiketi ya mwaka 1996 ilikuwa rahisi kuliko ya 2016, tunaelewa kuwa idadi ya watu walioketi vitini ilishuka hata kuliko tarakimu hizi zinavyokiri. Lakini fedha ni dalili tu. Zipo filamu zilizopata hasara zikabaki kuwa kazi bora, na zipo zilizochuma bilioni nzima zikasahaulika kabla mwaka haujaisha. Linalostahili kuchunguzwa ni jambo jingine. Ilikuwaje kisa kilichowakalisha watu roho juu mwaka 1996 kirudi miaka ishirini baadaye, kikiwa na mwongozaji yuleyule, waigizaji wengi walewale na mfuko mnono kuliko wa awali, kisha kiwaache watazamaji bila hofu, bila huzuni na bila cha kusimuliana njiani?

Jibu ninalolitetea hapa ni hili. Kila mwendelezo hurithi vitu viwili kutoka kwa filamu iliyoutangulia. Kimoja ni jina, pamoja na vyote vinavyoweza kubandikwa kwenye bango: meli za angani, milipuko, sura zinazojulikana. Cha pili ni kovu, yaani yale ambayo tukio la kwanza liliwatenda wale walionusurika. Jina ni mali ya studio, linauzwa na kununuliwa. Kovu ni mali ya kisa, na halipatikani popote ila kwa kukaa chini na kuuliza: watu hawa, baada ya yote yaliyowapata, wanalala vipi usiku? Resurgence ilishika jina ikaliacha kovu. Na kinachouma zaidi ni kwamba kovu hilo halikuwa mbali. Waandishi walilibuni wenyewe, wakaliingiza ndani ya filamu likaonekana wazi, kisha wakalipita kama msafiri apitavyo kisima akitafuta maji.

Ili tuone kilichopotea, turudi kwenye kilichokuwepo. Independence Day inaanzia mwezini. Tunaona nyayo zilizoachwa na wanaanga wa Apollo 11 katika vumbi, zimetulia kama zilivyokuwa tangu 1969. Kivuli kinakuja, ardhi inatetemeka, na vumbi lile linaanza kuzifuta zile nyayo. Hakuna aliyekufa, hakuna kilicholipuka, lakini mtazamaji ameshaelewa kwamba alama kubwa kuliko zote ambazo binadamu ameziacha nje ya dunia yake inafutwa na kitu kinachopita tu, hata hakikukusudia. Halafu filamu inangoja. Theluthi nzima ya kwanza, meli zile zimesimama juu ya miji bila kufanya lolote. Watu wanatazama juu, wanafunga mizigo, wanapigiana simu, wengine wanapanda juu ya maghorofa na mabango ya kuwakaribisha wageni. Mlipuko wa Ikulu ya White House, ambao studio iliutangaza kwa fahari kwenye televisheni miezi kadhaa kabla, unapofika hatimaye, unawakuta watu ambao tayari tunawajua kwa majina, na tayari tumeshawahofia.

Tazama pia jinsi moto ule ulivyopatikana. Mafundi walijenga mtaa mdogo wa mji, maghorofa na magari ya kuchezea, kisha wakausimamisha wima. Kamera ikawekwa juu ikitazama chini, baruti chini. Moto kwa asili yake hupanda, na ulipopanda katikati ya vijumba vile, kwenye filamu ukaonekana unabingirika mbele kwa mbele barabarani, ukimeza kila kitu. Kwa hiyo moto unaouona mwaka 1996 ni moto wa kweli, wenye tabia ya moto: unasita kwenye kona, unajikunja, unatafuta upenyo. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya athari maalumu za picha, na ilistahili. Sitaji hili ili kudai kwamba kompyuta ni mbaya na vijumba vya plasta ni vizuri. Ninalitaja kwa sababu ugumu ule ulimlazimisha mwongozaji kuchagua. Mtaa mdogo unaoungua hauna marudio mengi, kwa hiyo lazima uamue mapema ni mtaa gani, na nani amesimama ndani yake.

Mwaka 2016 hapakuwa na ulazima huo. Meli ya wavamizi sasa ina upana wa maili 3,000, karibu kilomita 4,800, na inapotua inafunika bahari ya Atlantiki. Ina nguvu ya uvutano ya kwake, hivyo inanyanyua miji ya Asia kama makapi na kuiangusha Ulaya; majengo pacha ya Petronas ya Kuala Lumpur yanaporomoka juu ya London. Kwa maneno, hili ni jambo la kutisha kupindukia. Kwenye skrini halitishi hata kidogo, kwa sababu hakuna jicho la binadamu linaloweza kulipima. Mtu anaweza kuogopa ukuta unaomwangukia. Hawezi kuogopa bara. Miji miwili inakufa kwa dakika chache, na katikati ya maangamizi hayo mhusika anatoa utani kuhusu wavamizi na majengo mashuhuri. Mguu wa meli ile unafika hadi mlangoni pa White House na kukoma hapo, bendera tu ndiyo inayoanguka, ili wanaokumbuka filamu ya kwanza wacheke. Hapo ndipo filamu inapojisaliti. Inaukumbuka mlipuko wa 1996 kama picha maarufu. Haiukumbuki kama msiba.

Weka vifo viwili bega kwa bega. Katika filamu ya kwanza mke wa Rais Whitmore anajeruhiwa helikopta yake inapoanguka. Anafikishwa kwenye kambi ya Area 51 akiwa bado hai, daktari anamwambia mumewe kwamba damu inavuja ndani na hakuna la kufanya, na mume anaingia kumuaga. Anapotoka nje, binti yao mdogo anauliza kama mama amelala. Baba anaitikia. Tukio zima ni fupi, chumba ni cha kawaida, hakuna ufundi wowote wa kompyuta, lakini baada ya hapo kila ndege inayoruka na Whitmore ndani yake inaruka na mjane. Katika filamu ya pili anayekufa ni Jasmine, mke wa rubani Steven Hiller, mwanamke tuliyemwona mwaka 1996 akimwokoa mwanawe na mbwa wao katika handaki linaloungua. Sasa yuko hospitalini, anamsaidia mama mwenye kichanga kupanda helikopta, jengo linaporomoka, naye anaenda nalo huku mwanawe, Dylan, akitazama kutoka kwenye ndege yake ya kivita. Mwandishi makini angeweza kuijenga filamu nzima juu ya sekunde hizo: kijana aliyeokolewa na mama yake kutoka motoni, amekua, amekuwa rubani, na hawezi kumwokoa. Badala yake Dylan anahuzunika kidogo, mtu anampa pole, vita vinaendelea. Kabla ya muda mrefu kupita, rais aliyeko madarakani na viongozi wote waliokuwa naye katika handaki la siri wanauawa kwa mpigo mmoja, jenerali anaapishwa, na filamu haipumui hata mara moja. Funika kombe mwanaharamu apite.

Huo ndio upungufu. Lakini nimesema kovu lilikuwepo, na sina budi kulionyesha. Liko kwa watu watatu. Wa kwanza ni Whitmore mwenyewe, anayeigizwa tena na Bill Pullman: mzee mwenye ndevu, anatembea kwa fimbo, usingizini anaona yale ambayo wavamizi waliyapandikiza akilini mwake mwaka 1996 walipomgusa kwa mawazo. Wa pili ni Dkt. Okun, anayeigizwa na Brent Spiner, mwanasayansi ambaye mvamizi alimkaba na kuongea kupitia koo lake. Tulidhani amekufa, kumbe amelala katika usingizi mzito miaka ishirini, na mwenzake Dkt. Isaacs amekuwa akimuuguza na kumwekea maua chumbani muda wote huo. Wa tatu ni Dikembe Umbutu, mbabe wa vita wa Kiafrika anayeigizwa na Deobia Oparei. Wote watatu wameguswa akili na adui. Wote watatu wanaanza kuona alama ileile, duara lenye mstari, kabla mtu mwingine yeyote hajajua kinachokuja. Dunia iliyobaki imesherehekea miaka ishirini ya ushindi, imejenga vituo mwezini, imeunda ndege kwa teknolojia iliyookotwa kwenye mabaki, nchi zimeacha kupigana. Na katikati ya sherehe hizo kuna mzee, mgonjwa na mwanajeshi ambao hawajatoka vitani. Hiyo ndiyo filamu. Imelala ndani ya Resurgence kama mbegu ndani ya kokwa, na Pullman peke yake, kwa uso wake tu, anakaribia kuipasua. Anapoingia kwa hiari kwenye chumba cha mvamizi aliyefungwa ili adui aseme kupitia kwake, na baadaye anaporusha ndege yenye bomu asirudi, tunapata dakika chache za uzito ambao filamu nzima ilipaswa kuwa nao.

Kati ya hao watatu, Dikembe ndiye aliyepotezwa kwa uzembe mkubwa zaidi. Filamu inatuambia, kwa sentensi chache za mazungumzo, kwamba moja ya meli za mwaka 1996 ilitua barani Afrika, katika nchi ya kubuni yenye jina la Kifaransa, République Nationale d'Umbutu, na kwamba wavamizi walishuka na kupigana ardhini kwa miaka kumi. Mahali pengine pote duniani vita vilikwisha kwa siku tatu. Hapa, miaka kumi. Watu walijifunza kumuua adui kwa mapanga, kwa kumvizia nyuma, kwa kuwa ganda lake ni gumu mbele. Hebu fikiri maana ya hilo. Kizazi kizima kilichozaliwa baada ya 1996 hakikujua amani ni kitu gani. Palikuwa na vijiji vilivyohama, mashamba yaliyoachwa, watoto waliofundishwa kushika silaha kabla ya kusoma, majirani walioamua nani aachwe nyuma. Msomaji wa Kiswahili wa Goma au Bukavu hahitaji kuchorewa picha hiyo, kwa sababu mwaka huohuo wa 1996 vita vya kweli vilianza mashariki ya nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, na vilivyovifuata vimekula zaidi ya miaka kumi. Sidai kwamba waandishi wa Hollywood walikuwa na Kongo akilini. Ninasema kwamba, wakijua wasijue, waliokota wazo linalobeba historia, kisha wakalifanya pambo. Dikembe anapewa mapanga mawili na kifua kipana. Anayepewa maneno mengi pembeni yake ni Floyd Rosenberg, mhasibu wa serikali ya Marekani, anayetembea nyuma ya wakubwa akichekesha.

Nafasi ya mbele ilikwenda kwa vijana. Jake Morrison, anayeigizwa na Liam Hemsworth, ni rubani aliyekaribia kumuua Dylan katika ajali ya mazoezi, na sasa hawapatani. Ugomvi huu ndio uliopewa kazi ya kubeba hisia za filamu, na hauwezi, kwa sababu ni ugomvi wa kuazima. Ungeweza kuwekwa katika filamu ya mpira wa miguu au ya mbio za magari bila kubadilisha neno. Hautoki katika mwaka 1996, hauendi popote kwa sababu ya 1996. Kuna pia Patricia Whitmore, yule mtoto aliyeuliza kama mama amelala, sasa mtu mzima. Katika hati ya filamu yeye ni mchumba wa Jake na mlezi wa baba yake, na swali lake la utotoni halirudi tena. Waliotajwa kuandika hati hiyo ni watano. Wahusika wameongezeka, na bado filamu ni fupi kuliko ya kwanza: takriban dakika 120 dhidi ya 145. Hesabu hiyo peke yake inaeleza mengi. Ukiwa na watu wengi zaidi na muda mfupi zaidi, kila mmoja anaingia, anasema jina lake na shida yake, anakimbilia kwenye mlipuko.

Pingamizi la kwanza, ambalo hata mtaani utalisikia, ni kwamba tatizo ni moja tu: stelingi hakuwepo. Will Smith hakurudi. Tunaambiwa kwamba Hiller wake alikufa mwaka 2007 akijaribisha ndege mpya, na kilichobaki ni picha yake ukutani. Emmerich mwenyewe alieleza baadaye kwamba Smith alipojiondoa ili acheze Suicide Squad, hati iliyokuwa bora iliwekwa kando, nyingine ikaungwaungwa haraka, na kwamba angepaswa kusimamisha kazi hapohapo. Ungamo hilo ni la heshima, nami nalichukua kwa uzito. Lakini linathibitisha nini? Mwaka mmoja kabla, George Miller alitoa Mad Max: Fury Road bila Mel Gibson, mtu ambaye sura yake ndiyo ilikuwa Mad Max kwa filamu tatu. Tom Hardy alichukua nafasi, Charlize Theron akasimama mbele, filamu ikapata tuzo sita za Oscar. Kuondoka kwa stelingi ni shida ya mkataba. Kinachogeuza shida hiyo kuwa hasara ya kisa ni namna unavyolitumia pengo alilokuacha nalo. Kifo cha Hiller kingeweza kuwa jeraha kuu la filamu: shujaa aliyeokoa dunia, ameuawa na teknolojia ileile aliyoiteka, mwanawe wa kambo anarusha ndege zilizozaliwa na ajali ile. Wazo hilo lipo kwenye hati. Lilipewa picha ya ukutani.

Pingamizi la pili ni gumu kidogo. Litasema kwamba ya kwanza nayo ilikuwa upuuzi, ila sisi tulikuwa wadogo. Je, si ndiyo ile ambamo mhusika David Levinson anaingiza kirusi cha kompyuta ndogo ndani ya meli ya viumbe wasiowahi kuona kompyuta ya binadamu? Ndiyo, kisayansi jambo hilo halisimami. Lakini tazama linavyoingia. David amekata tamaa, amelewa, ameketi kwenye sakafu ya saruji. Baba yake mzee anamwambia ainuke pale kabla hajashikwa na mafua. Neno hilo la mzazi, mafua, ndilo linalomzindua. Wazo ni la H. G. Wells, ambaye katika The War of the Worlds ya mwaka 1898 aliwaua wavamizi wa Mirihi kwa vijidudu, na hapa limepitishwa mdomoni mwa baba anayemhofia mwanawe. Mtazamaji anasamehe uhandisi mbovu kwa sababu moyo wa tukio ni wa kweli. Mwaka 2016 suluhisho ni la kiufundi zaidi, kuna chambo cha mawimbi, kuna ngao ya nguvu, kuna malkia wa wavamizi anayekimbiza basi la watoto jangwani, na huenda hata linashikika kimantiki kuliko lile la kirusi. Ila halitoki kwa mtu yeyote. Kwa hiyo sikubali kwamba tofauti ni utoto wetu. Upuuzi wa kwanza ulikuwa na mzazi ndani yake.

Wengine watasema mwendelezo kwa maumbile yake hauwezi kufika, kwamba mshangao hutokea mara moja tu, au kwamba bajeti kubwa huua ujasiri. Ushahidi unakataa yote mawili. Aliens ya James Cameron, mwaka 1986, inaanza na Ellen Ripley akiamshwa baada ya kuelea angani miaka 57. Dunia aliyoijua imeondoka, waajiri wake hawamwamini, wanamnyang'anya leseni, na usiku anaamka amelowa jasho. Anaporudi kwenye sayari ile harudi kwa sababu kuna viumbe wengi zaidi safari hii. Anarudi kwa kuwa hawezi kulala. Mtoto anayemkuta huko, Newt, anaingia katika nafasi ya maisha yaliyompita. Terminator 2 ya mwaka 1991, ambayo kwa takriban dola milioni 100 ilikuwa miongoni mwa filamu ghali kuliko zote za wakati wake ilhali ya kwanza ilitengenezwa kwa milioni sita na ushee, inamfungulia Sarah Connor hospitali ya wagonjwa wa akili. Yule mhudumu wa mgahawa mwenye haya wa mwaka 1984 sasa anafanya mazoezi akining'inia kwenye fremu ya kitanda, misuli imemtoka, macho hayatulii. Hatuhitaji kuambiwa kilichompata. Mwili wake ndio kumbukumbu. Na Blade Runner 2049 ya Denis Villeneuve, mwaka 2017, haikurudisha fedha kama ilivyotarajiwa, lakini kila dakika yake inaishi katika matokeo ya filamu ya 1982: kuna mtoto aliyefichwa, kuna baba aliyejificha, kuna kumbukumbu ambayo mhusika mkuu hajui ni ya nani. Filamu tatu, bajeti tatu tofauti, matokeo tofauti sokoni. Zote zilianzia kwenye kovu.

Kama dawa inajulikana tangu 1986, kwa nini studio haziinywi? Sababu ya kwanza ni tangazo. Filamu ya namna hii huuzwa kwa dakika mbili na nusu za vipande vilivyokatwakatwa, na ndani ya dakika hizo ukubwa unaonekana mara moja. Kilomita 4,800 zinaeleweka hata ukizima sauti. Mzee anayeamka usiku hauziki hivyo; anahitaji muda, na muda ndio usiokuwepo kwenye tangazo. Kwa hiyo uamuzi wa kuweka fedha wapi hufanywa na kile kitakachoonekana kwenye tangazo, na hati huja kujaza nafasi zilizobaki. Sababu ya pili ni akiba. Studio ya leo haitengenezi filamu ya pili, inatengeneza daraja la kwenda kwenye ya tatu. Resurgence ina tufe jeupe linalokuja kuwaonya binadamu, binadamu wanalitungua mwezini kwa woga, na ndani yake kuna akili inayojua kila kitu kuhusu adui. Hapo pana kisa kizito cha hatia: tumempiga risasi aliyekuja kutusaidia, kwa sababu ya yale tuliyofanyiwa miaka ishirini iliyopita. Lakini hatia hiyo haikaguliwi, kwa kuwa tufe lina kazi nyingine, ya kutangaza vita vya sayari kwa sayari vitakavyofuata. Terminator Genisys ya mwaka 2015 ilifanya vivyo hivyo: ilikusudiwa kufungua mfululizo wa filamu tatu, ikaacha maswali yake makubwa kwa filamu zilizokuwa bado kuandikwa, na Terminator ya mwaka 2019 ikapita kana kwamba haikuwahi kuwepo. Fox nayo ilinunuliwa na Disney mwaka 2019, na vita vya sayari kwa sayari havijapigwa. Mtazamaji wa 2016 alilipa kiingilio kamili kwa ajili ya utangulizi.

Pingamizi la mwisho naliheshimu kuliko mengine, kwa sababu linazungumza kwa niaba ya watu. Linasema: hizi ni filamu za burudani, mtu amechoka na kazi, anataka milipuko, hataki makovu. Wanaosema hivyo wawatazame wasimulizi wa vibanda vya video, DJ Afro wa Kenya au Lufufu aliyevuma Tanzania, waliojipatia riziki kwa kuzifasiri filamu za kigeni mbele ya watu waliochoka na kazi kwelikweli. Msimulizi wa namna hiyo hatumii pumzi yake kwenye mlipuko, mlipuko unajisemea. Pumzi yake anaitumia kwa watu. Anamwambia mtazamaji huyu ni nani, anamdai nani, baba yake aliuawa na nani, kwa nini leo hakimbii. Mahali ambapo filamu haikutoa sababu, yeye anaibuni, maana anajua kwamba bila sababu hiyo benchi litaanza kupiga soga. Hao watazamaji hawakuwahi kuomba milipuko mitupu. Waliomba milipuko inayompata mtu wanayemjali, na hilo ndilo agizo ambalo Emmerich alilitimiza mwaka 1996 akiwa na mtaa wa plasta uliosimamishwa wima.

Na ndiyo maana tukio la mwisho la Resurgence linahuzunisha, ingawa halikukusudiwa hivyo. Malkia amekufa, meli imeondoka, watu wanashangilia jangwani. Dkt. Okun anatoka mbio kwenye maabara. Amelala miaka ishirini. Aliyemuuguza miaka yote hiyo, Isaacs, ameuawa saa chache zilizopita mikononi mwa adui yuleyule aliyemlaza yeye. Kamera inamkaribia. Uso wa Brent Spiner una kila kitu kinachohitajika, ungeweza kuachiwa sekunde kumi tu bila neno. Lakini hati imempa maneno, na anayasema huku akitabasamu hadi masikioni: tufe limewaomba binadamu waongoze vita vijavyo, safari ya nyota imeiva, twende tukawapige huko kwao. Wenzake wanamtazama. Muziki unapanda, na maua ya Isaacs yako ndani, chumbani, ambako kamera hairudi.